Viatu vya Alfajiri

Kwich. Kimya kidogo. Kwich.

Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mlango wa kabati usiotiwa mafuta, ikitembea gizani kutoka chumba cha ndani kuelekea mlango wa mbele. Mgeni angedhani ni panya aliyekanyagwa mkia. Ilikuwa soli ya kiatu cha kulia, ikilia juu ya sakafu ya saruji kila mwenye kiatu alipouegemea mguu ule.

Mdogo hakuwasha taa. Mtoto alilala chumba cha mbele, nyuma ya pazia, na kumwamsha mtoto wa miaka mitano saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya mbio zako mwenyewe ni kumwonea tu. Kwa hiyo alivaa kwa kupapasa: suruali, fulana, soksi, viatu. Akapita akinyata, akavuta komeo polepole kama mwizi wa nyumba yake mwenyewe, akatoka. Nje alisimama kwanza, mkono ukutani, akakunja goti la kulia na kulinyoosha, akauma meno. Kisha akaanza kukimbia.

Mdogo halikuwa jina lake, lilikuwa nafasi yake duniani. Alizaliwa na dada mmoja mbele yake, na tangu utotoni watu walipotaka kuwatofautisha walisema yule ni Mkubwa, huyu ni Mdogo, ikaganda hivyo hadi kazini. Sasa Mkubwa alikuwa kaburini mwezi wa saba, na Mdogo akabaki Mdogo vilevile, wala hakuna aliyejiuliza ni mdogo wa nani.

Viatu vilikuwa vya dada.

Msikilizaji asishangae upesi. Wale wawili walikulia kwenye jozi moja ya viatu. Shule yao ilijaa watoto mpaka ikagawanywa mikupuo miwili, wa asubuhi na wa mchana. Mkubwa akapangwa asubuhi, Mdogo mchana, na mama yao akaona hiyo ni neema, maana jozi moja ingetosha. Kengele ya saa sita ikilia, Mkubwa alitimka shuleni hadi nyumbani bila kusimama. Mdogo alikuwa anamsubiri kwenye ngazi ya mlango, soksi tayari miguuni. Mkubwa anavua, Mdogo anavaa, anafunga kamba huku ameshainuka, naye anatimka kuliwahi geti. Hivyo ndivyo walivyojifunza kukimbia. Hakuna kocha aliyewahi kuwafundisha. Viatu vile havikupata nafasi ya kupoa. Miaka minne mizima mguu wa Mdogo uliingia kwenye joto la mguu wa dada yake, na alipopata viatu vyake mwenyewe, siku ya kwanza aliviona vya baridi, akalia, wakamcheka.

Basi dada alipoondoka, baada ya siku kumi na moja tu za kuugua, na jamaa walipokaa kugawana vitu vyake, huyu alichukua sufuria, yule akachukua koti. Mdogo aliomba viatu vya kukimbilia. Wakamsifu kwa kutokuwa na tamaa. Wiki iliyofuata akavivaa. Hakuona ajabu yoyote, kwani ndivyo walivyoishi: mmoja akivua, mwingine anavaa.

Kiatu cha kulia kilianza kulia tangu enzi za dada, kilipoloa mvua na kukaushwa kwa pasi. Dada alikataa kukipeleka kwa fundi. Alisema ni honi yake, madereva wamsikie. Miaka miwili wawili hao walikimbia bega kwa bega, dada upande wa barabara, na Mdogo aliisikia sauti ile sikioni mwake, kwich, kwich, hadi akawa haisikii tena, kama mtu asivyosikia pumzi zake. Sasa aliisikia. Na kama aliangalia mbele tu, asigeuke, na akashika mwendo uleule, basi kulikuwa na mahali, kati ya taa ya tatu na ukuta wa shule, ambapo alikuwa hakimbii peke yake. Hilo hakumwambia mtu. Watu wangesema amechanganyikiwa, na huenda wasingekosea sana.

Mtoto alikuwa wa dada. Baba yake alishahamia mbali na kuanza maisha mengine, akatuma rambirambi kwa simu na akaishia hapo. Siku ya mazishi mtoto alipelekwa kwa jirani asione, na jioni shangazi mmoja, mtu mwenye huruma na haraka, alimpakata na kumwambia mama amesafiri kidogo, akiwa mtoto mzuri atarudi. Mdogo alisikia. Alitaka kusema neno, akaona si saa yake, akasema kesho. Kesho nayo ikawa na kesho yake. Majuma ya kwanza mtoto aliuliza kila siku: anarudi lini, amepanda nini, kuna baridi huko? Mdogo alijibu kwa kuzungukazunguka. Halafu mtoto akaacha kuuliza. Ghafla tu, kama mvua inavyokatika. Akala vizuri, akalala vizuri, akawa anaamka akitabasamu. Mdogo akashusha pumzi, akawaambia jamaa kwamba mtoto amezoea, watoto bwana, Mungu amewapa sahau.

Goti lilianza mwezi wa nne.

Mwanzoni lilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Akishuka ngazi, kitu kinagusa chini ya pia ya goti, kinaondoka. Baadaye kikawa hakiondoki. Akikaa muda mrefu, goti linakauka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba, na akisimama linatoa mlio unaosikika. Kupanda mlima alipanda vizuri. Kushuka ndiko kulikomtoa machozi. Wanawake wa kundi lao la mbio, kumi na wawili kwa jumla, kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema barafu. Wa pili akasema barafu ni sumu, maji ya moto ndiyo dawa. Wa tatu alimpa chupa ya dawa ya kuchua, kali hiyo mpaka mtoto akauliza kama kuna mtu amekula sabuni. Wa nne akamwambia ni umri, na Mdogo, mwenye miaka thelathini na moja, akamkata jicho. Alijaribu yote. Akafunga bendeji ya mpira, akameza vidonge vya maumivu kabla ya mbio, na jioni aliinua mguu juu ya mito miwili na kumwambia mtoto kwamba wanacheza mchezo wa bendera.

Kazini hali ilikuwa hiyohiyo. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hoteli na hospitali, chumba kirefu chenye mvuke na kelele za mashine. Nusu ya siku alipiga pasi kwa kusimama, nusu alikunja mashuka. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama mkitazamana, kila mtu ameshika pembe mbili, mnalivuta, mnakunja, mnatembea hadi mikono ikutane, mmoja anaachia, anainama kuokota mkunjo, mnarudi nyuma tena. Ni kama ngoma isiyo na muziki. Miaka minane mwenzake katika ngoma hiyo alikuwa dada, na walikuwa hawaangalii hata mikono. Sasa alipangiwa mwanamke mnene, mcheshi, waliyemwita Breki kwa sababu kwenye mbio zao yeye ndiye wa mwisho daima. Mikono ya Breki ilikuwa mifupi. Shuka liliburuta chini, msimamizi akakunja uso. Na kila Mdogo alipoinama kuokota mkunjo, Breki aliona anavyoshika kingo za meza.

Siku moja Breki aliachia pembe zake kabisa, shuka likaanguka. Alisema hakunji tena mpaka amwone amekwenda hospitali, na kama msimamizi ana neno aje amwambie yeye, ana watoto sita na hakuna kitu cha duniani kinachomtisha. Mdogo akaenda.

Chumba cha mazoezi ya viungo kilikuwa mwisho wa ukumbi: vitanda viwili vya ngozi nyeusi, vyuma vya kushikilia, mpira mkubwa wa buluu, na ukutani picha ya mtu asiye na ngozi anayeonekana hana wasiwasi. Mtaalamu mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye mikono ya nguvu. Wagonjwa walimpa jina la Kunja-Nyoosha, na yeye alijua, na aliwaambia ni zuri kuliko alilopewa na bibi yake. Alimfinya Mdogo goti kila upande, akamtembeza hadi ukutani na kurudi, akamwambia achuchumae, akaona anapokomea. Kisha akaomba kuona viatu anavyokimbilia, maana alishaambiwa kwa simu avilete.

Mdogo akavitoa kwenye mkoba. Kunja-Nyoosha akavigeuza chali juu ya meza, akavitazama.

"Umevivaa muda gani hivi?"

"Miezi saba."

"Hapana." Akamwonyesha kwa kidole. "Hiki kisigino kimeliwa upande wa ndani. Mtu aliyekila hivi anakanyagia ndani, tena kwa miaka. Wewe nimekuona unavyotembea, unakanyagia nje. Hivi viatu vimefundishwa na mguu mwingine, dada yangu. Kila hatua vinalilazimisha goti lako limfuate mtu mwingine. Ni vya nani?"

"Vya dada yangu."

"Basi mrudishie vyake." Alishageukia karatasi zake, anaandika. "Mwambie asante sana, vimenisaidia, ila goti langu halivitaki. Halafu upumzike wiki sita bila kukimbia hata hatua moja."

Mdogo alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, fupi, silabi chache tu. Kwa miezi saba hakuna aliyelitamka mbele yake. Watu walisema alipotutoka, walisema yaliyotokea, walisema ile siku. Yeye pia hakuwahi kulitamka. Akalimeza.

"Sawa," akasema. "Nitamrudishia."

Alitoka pale na mazoezi matatu kwenye karatasi na uongo mmoja kifuani. Jumatatu alijaribu viatu vyake vya zamani, vilivyokuwa chini ya kitanda tangu ile siku. Alisema atakwenda hatua chache tu, aone. Alfajiri ile barabara ilikuwa kimya. Akafika taa ya kwanza, akafika ya pili. Upande wake wa kulia hapakuwa na kitu. Si kwamba palikuwa na ukimya. Ukimya una namna yake. Hapakuwa na kitu kabisa, kama jino lililong'olewa, na ulimi wake ulikuwa unarudi hapohapo kila mara. Hakufika taa ya tatu. Aligeuka, akarudi nyumbani akitembea.

Jumanne akavaa vya dada.

Alijiambia ni kwa siku chache, hadi atakapozoea. Alikaza bendeji mpaka vidole vikafa ganzi. Jumatano vidonge viwili, Alhamisi vitatu. Aliinama kufunga kamba na jasho likamtoka kabla ya kukimbia. Watu wazima hujua wanapojidanganya, na yeye alijua; lakini kwich ile ya kwanza sakafuni kila alfajiri ilikuwa inamlegeza moyo, basi akajitia hamnazo.

Jumamosi kundi lilipita njia ndefu, ile inayoshuka kutoka kwenye matangi ya maji. Ni mteremko mrefu wenye changarawe. Katikati yake goti lilikataa. Halikuuma kwanza, liliachia tu, kama mtu aliyeshika upande wa pili wa shuka akaacha pembe zake bila kukuambia. Mdogo akaenda chini kwa viganja na bega. Maumivu yalipofika, aliona nyota mchana kweupe. Wenzake walikuwa mbele, wameshakata kona, wanaimba.

Breki akamkuta amekaa ukingoni mwa barabara, mguu umenyooka, goti limeumuka kama mkate.

"Kuwa wa mwisho kuna faida," Breki akasema, akihema. "Wote wanaoanguka ni wa kwangu."

Mdogo hakucheka. Breki akaketi kando yake, akamwondolea changarawe kwenye viganja, moja moja. Kisha akavitazama viatu. Alikuwa amevijua tangu siku ya kwanza; nani asingejua ile honi? Alimuuliza polepole, si yule mtaalamu alikukataza?

Hapo Mdogo akasema yote. Alisimulia jozi moja ya shule, mlio, taa ya tatu na ukuta, na jinsi alivyomwambia Kunja-Nyoosha kwamba atamrudishia dada viatu vyake. Alisema kwamba akivivua, hana pengine pa kumkuta dada. Makaburini ameshakwenda mara tano na hajamkuta hata mara moja. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama watoto wanavyolia, na muuza magazeti aliyepita kwa baiskeli akageuza uso kwa heshima.

Breki alipiga magoti, akafungua kamba za viatu, akavivua kimoja kimoja, taratibu, kama anavyowavua watoto wake waliolala. Akazifunga kamba pamoja, akavitundika shingoni mwake mwenyewe. Wakarudi hivyo, Mdogo na soksi zake, mkono begani kwa Breki, mwendo wa saa nzima kwa njia ya dakika ishirini.

Viatu vikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, vikawekwa juu ya kabati. Mdogo hakuvitazama. Alikaa nyumbani na barafu yake, mguu juu ya mito, akajiona ameshamzika dada mara ya pili, na safari hii bila hata watu wa kumshika mkono. Alidhani huo ndio mwisho wa hasara.

Jumatatu mtoto aligoma kula. Jumanne alikojoa kitandani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ana miaka mitatu. Mwalimu wa chekechea alituma ujumbe kwamba mtoto amemuuma mwenzake mkono. Mdogo alimuuliza kuna nini, akajibiwa hakuna kitu, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka.

Alhamisi, kabla ya mapambazuko, goti lilimwamsha Mdogo. Akajikokota kwenda kuchukua maji. Chumba cha mbele kilikuwa giza, na katika giza lile aligusa kitu laini karibu na mlango, nusura akikanyage. Akawasha taa.

Mtoto alikuwa amekaa sakafuni, mgongo mlangoni, shuka begani. Kando yake alikuwa ameweka kikombe cha maji, kimejaa hadi ukingoni.

"Unafanya nini hapa, mwanangu?"

"Namsubiri mama."

Mdogo akashika ukuta.

"Siku hizi haji," mtoto akasema. "Alikuwa anakuja kila siku kukimbia. Nilikuwa namsikia viatu vyake vinaenda, halafu vinarudi. Mimi nilikuwa nafumba macho, siangalii hata kidogo. Nilikuwa mzuri. Halafu siku moja nikafumbua kidogo tu, jicho hili hapa, moja. Ndiyo maana haji."

Kuna maumivu ambayo daktari hana mahali pa kuyafinya. Mdogo alisimama akahesabu moyoni: miezi saba ya kunyata, miezi saba ya kutowasha taa kwa huruma. Kila alfajiri alipotoka kumtafuta dada yake barabarani, alimwachia mtoto nyuma ya pazia mama anayekuja na kuondoka bila kumsalimia. Mtoto hakuwa amesahau. Alikuwa ameacha kuuliza kwa sababu alishapata jibu.

Alitaka kuchuchumaa wawe uso kwa uso, kama watu wanavyoshauri, goti likagoma. Ikabidi ajishushe sakafuni kama mzigo, kwa kushika kiti, mkono, kalio, hadi akakaa na mguu umenyooka mbele yake kama ubao. Mtoto akamsogezea kikombe. Akanywa, maana hakujua la kufanya na mikono yake.

Halafu akapiga moyo konde.

"Jicho lako halina kosa lolote," alisema. "Ni mimi niliyekuwa natoka. Mimi ndiye niliyevaa viatu vya mama."

Mtoto akamtazama.

"Mama hakusafiri. Shangazi alisema vile kwa kukuhurumia, na mimi nikanyamaza, na tulikosea. Mama aliumwa sana. Mama alikufa. Mtu akifa harudi, hata mtoto akiwa mzuri, hata akiwa mbaya. Haikutokana na wewe."

Ndivyo neno lilivyotoka. Halikubomoa ukuta wala kuzima taa. Lilikaa pale kati yao na kikombe.

Mtoto hakulia palepale. Aliuliza maswali, moja baada ya jingine, kama anayepanga vijiti. Alikufa mchana au usiku? Aliumia? Alivaa nini? Gauni la kijani, Mdogo akajibu, lile lenye mifuko. Na viatu je? Hakuvaa. Kwa nini? Mdogo akafikiri, akasema ukweli tu, kwamba alikuwa amelala, na mtu aliyelala havai viatu. Mtoto akakubali hilo. Akataka kuviona. Ikabidi Mdogo ainuke tena, kiti, mkono, mguu mzima kwanza, akavishusha kutoka juu ya kabati.

Mtoto aliingiza mkono ndani ya kiatu kimoja hadi kwenye kiwiko. Akapapasa mle ndani polepole, mahali ambapo vidole vya mama yake vilichimba vishimo vitano. Akakaa hivyo muda mrefu, mkono ndani ya kiatu, na hapo ndipo uso wake ulipovunjika. Alilia mpaka akakosa pumzi. Akamlalia Mdogo mapajani, kichwa chake chote juu ya goti lililovimba, na Mdogo, aliyekuwa akipiga kelele akiguswa na shuka tu, hakuutoa mguu wala hakusogea. Nje kulikucha. Kazini walichelewa kumwona, na chekechea hawakumwona mtoto siku hiyo.

Haikuwa dawa ya papo kwa papo. Majuma yaliyofuata mtoto alilia akivalishwa, alilia akikatwa kucha, alimkasirikia Mdogo kwa mambo ya miezi saba, akamwambia siku moja kwamba alimdanganya kwa miguu. Mdogo hakujitetea. Usiku walilala kitanda kimoja. Jioni alifanya mazoezi yake matatu: kuinua mguu ukiwa umenyooka, kuegemea ukuta nusu ya kukaa, kupanda na kushuka kidato kimoja cha ngazi. Mtoto alimhesabia, na alipofika kumi na mbili alirukia ishirini kwa kumhurumia.

Baada ya wiki sita wakaenda hospitali pamoja, maana siku hiyo chekechea ilifungwa. Walitembea polepole, Mdogo akishika ukuta kwenye mteremko. Kunja-Nyoosha aliminya goti, akalikunja, akalinyoosha, akasikiliza kwa kiganja. Alisema uvimbe umeshuka. Alisema pia, bila kupaka mafuta, kwamba chini ya pia pamesagika, na kwamba mbio za kila siku na ile njia ya matangi azisahau. Kutembea ndiyo, na labda mwakani, kidogo kidogo, kwenye tambarare, tutaona. Mdogo akaitikia. Alikuwa ameyatarajia, lakini kulitarajia jambo hakulipunguzii uzito. Alitazama mikono yake. Alizifikiria alfajiri zote za maisha yaliyobaki, na barabara ikipitwa na watu wengine.

Mtaalamu, labda kwa kuona macho yake, akamgeukia mtoto aliyekuwa ameukumbatia ule mpira wa buluu. Alimsifu kwa kutulia. Akamuuliza kwa uchangamfu kama leo ameamua kumsindikiza mama hospitali.

Mdogo akainua uso, neno likiwa kinywani mwake, tayari safari hii. Lakini mtoto alimtangulia, akauachia mpira, akaja akasimama karibu na kitanda, akashika ncha ya kidole cha Mdogo.

"Huyu ni mama mdogo," akasema, "mama yangu alikufa."